Kigoda cha Milansi: Unyenyekevu na Unyonge katika Kisasili cha Wafipa

Usomaji wa Kikristo wa fasihi simulizi mara nyingi huongozwa na kanuni moja: mwenye kiburi huanguka, mnyenyekevu huinuliwa. Kanuni hiyo hukidhi ngano nyingi za sungura na fisi. Haikidhi kisasili cha Milansi, simulizi kuu ya Ufipa, na pale inaposhindwa ndipo inapohitaji kuchunguzwa.

Kisasili hicho, ambacho Roy Willis alikichambua katika *A State in the Making* (1981), kinaeleza kuwa Ntatakwa, mtawala wa kwanza, alishuka kutoka mbinguni, na makao ya utawala wake yakawa Milansi. Baadaye, mtawala wa Milansi akiwa mawindoni, walifika wanawake watatu wageni. Mke wa mtawala, akizidiwa na madai yao, aliwapa kigoda cha mumewe. Mume aliporudi, alikuta enzi imekwisha kuhama. Wageni hao, Watwaci, ndio chimbuko la nasaba zilizotawala Nkansi na Lyangalile. Milansi ilibakiwa na eneo dogo pamoja na dhima ya kitambiko katika kusimikwa kwa watawala hao.

Msikilizaji wa Sumbawanga aliyelelewa kanisani hawezi kukosa kukumbuka mfano wa karamu katika sura ya 14 ya Injili ya Luka. Humo, mgeni anayejitwalia kiti cha mbele huondolewa kwa aibu, na aliyeketi nyuma huitwa mbele. Milansi hupindua mfano huo. Mgeni anajitwalia kiti, na hakuna anayemwondoa. Hata methali "mgeni njoo, mwenyeji apone" inageuka kejeli, kwa kuwa mwenyeji ndiye anayepoteza.

Njia rahisi ya kusuluhisha mgongano huu ni kumfanya mtawala wa Milansi kielelezo cha unyenyekevu: aliachia utukufu wa kidunia, akabaki na ule wa kiroho. Tafsiri hiyo inavutia, lakini matini haiiungi mkono. Unyenyekevu wa Kikristo, kama barua kwa Wafilipi sura ya 2 inavyouelewa, ni tendo la hiari: anayejishusha alikuwa na uwezo wa kubaki juu. Mtawala wa Milansi hakujishusha, alishushwa asipokuwepo. Mkewe naye hakuwa na unyenyekevu. Alikuwa na hofu. Kuuita unyonge huo fadhila ni kumpa mnyang'anyi hati ya uhalali.

Hoja hii ina uzito wa kihistoria. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika walishika kituo cha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kutoka huko Ukatoliki ukaenea katika nyanda za juu za Ufipa. Mahubiri ya unyenyekevu yalifika katika jamii ambayo tayari ilikuwa na simulizi kuhusu wageni na kiti. Kwa hiyo swali la mhakiki haliwezi kuwa tu kama unyenyekevu ni mwema. Ni lazima liwe pia: nani anahimizwa kunyenyekea, na nani ameketi anapohimiza?

Hata hivyo, kisasili hakimwachii mwenye kiburi ushindi kamili. Mtwaci amekalia kigoda, lakini usimikwaji wake unapitia mikononi mwa aliyenyang'anywa. Anayetawala nchi analazimika kurudi Milansi apokee kile ambacho nguvu haikuweza kuchukua. Hapa ndipo kisasili na Injili vinapokaribiana bila kulazimishwa: si katika kumsifu aliyeshindwa kwa kushindwa kwake, bali katika kumnyima mshindi haki ya kujihalalisha mwenyewe. Kiburi kinapata kiti. Hakipati baraka isipokuwa kwa kuinama mbele ya mwingine.

Kwa msingi huo, anayepaswa kusomewa somo la unyenyekevu katika kisasili hiki ni yule aliyeketi. Mke wa mtawala, ambaye usomaji wa kimaadili ungemtwika lawama kwa wepesi, anastahili kusikilizwa upya kama shahidi wa kwanza wa unyang'anyi huo.