Dakika ya 18: mkono wa mtoto haukuwa wa kushikwa

Nyote mmeiona, maana wiki nzima video ile ya kipindi cha tiba ya kuoanisha hisi haijatoka kwenye makundi ya wataalamu wa tiba kwa vitendo, na wengi wenu mmeipigia makofi. Dakika ya 18. Mtoto wa kiume, umri wa kuanza darasa la kwanza, ameketi mbele ya sinia lenye unga wa ngano uliokorogwa na maji. Anagusa kwa ncha ya kidole kimoja, anafuta kidole kwenye kaptula. Anagusa tena, anafuta. Mtaalamu anamdaka kifundo cha mkono. "Shika baba, shika, hauumi." Anaukandamiza mkono mzima ndani ya rojo na kuhesabu mpaka kumi. Hapo ndipo kipindi kilipoharibika, na kilichofuata hakikukiokoa.

Irudisheni nyuma mtazame polepole. Kabla ya kushikwa, mtoto alikuwa kazini. Kule kugusa na kufuta ndiko tiba yenyewe: anachukua hisia kwa kiasi anachokimudu, anaimaliza, kisha anarudi mwenyewe kuchukua nyingine. Mara ya pili kidole chake kilikaa kwenye rojo muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Mara ya tatu huenda angetia vidole viwili, huenda asingetia hata kimoja. Vyovyote vile, angekuwa ameamua yeye. Mtaalamu hakumpa nafasi ya kufika huko.

Sasa sikilizeni hesabu huku mkiutazama mwili. Ikifika nne, mabega yamepanda mpaka masikioni na vidole vya miguu vimejikunja. Ikifika saba, mtoto ametulia tuli, macho yako dirishani. Maandishi yanapita chini ya picha: mtoto ameanza kuzoea. Hajazoea! Mtoto anayezoea kitu hukirudia. Huyu alipoachiwa alificha mikono yote miwili kwapani, na mpaka mwisho hakugusa tena kitu mezani, hata zile kalamu za rangi alizokuwa akizichezea mwanzoni. Alichofanya ni kukata tamaa, na aliyeshika kamera akatuuzia kama ushindi.

Jean Ayres, aliyeanzisha tiba hii ya kuoanisha hisi kule California na kuipa kitabu chake cha kwanza mwaka 1972, hakuwahi kuijenga juu ya kumfanyia mtoto kitu. Aliijenga juu ya mtoto anayetenda kwa makusudi, akisukumwa na hamu yake mwenyewe, huku mtu mzima akipanga mazingira ili kila hatua iwe ngumu kiasi cha kumvutia na rahisi kiasi cha kuwezekana. Mwaka 2011 Diane Parham na wenzake walichapisha kipimo cha kuangalia kama kipindi kinafuata misingi ya Ayres. Mambo kumi ya utendaji yamo humo: kuchagua shughuli pamoja na mtoto, kumpimia ugumu unaomfaa, kuhakikisha anafanikiwa, kulea hamu yake ya kucheza, kujenga uaminifu naye, na mengine mnayoyajua. Sekunde kumi za lile sinia zilivunja hayo matano niliyoyataja kwa mpigo mmoja.

Asiyempenda Ayres na amwangalie Temple Grandin. Akiwa kijana mwenye usonji, aliona kwenye ranchi ya shangazi yake Arizona jinsi ng'ombe wanavyotulia wakibanwa kwenye mtambo wakati wa chanjo, akajitengenezea mashine ya kujibana mwenyewe. Watu husimulia mbao na mkandamizo, wakausahau wenzo. Mashine ile ilikuwa na wenzo, na aliyeushika ni Grandin. Yeye ndiye aliyeamua ibane kiasi gani na iachie lini.

Najua jibu linalokuja: "Tunamzoesha taratibu." Wanasaikolojia wanaomzoesha mtu anachokiogopa hupanda ngazi moja moja, na mwenye hofu anajua ngazi inayofuata ni ipi. Kutoka ncha ya kidole hadi kiganja kizima hapakuwa na ngazi. Na ngazi zilikuwepo, tena za bei ya sokoni. Anza na unga mkavu. Au tia rojo ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, abonyeze kwa nje. Au mpe donge gumu la chapati alisukume kwa nguvu zake zote, kwa sababu mkandamizo mzito unaopita kwenye misuli na maungio huvumilika kuliko mguso mwepesi unaonata. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua hilo.

Kazi ya bembea na kutambaa kwenye handaki la magodoro, dakika 15 za mwanzo, ilikuwa safi.

Chumba nacho, mtanisamehe, lazima nikiseme. Nguzo za mapovu, taa za kubadilika rangi, pazia la nyuzi zinazong'aa. Hivyo vitu vilitoka Uholanzi miaka ya 1970, kwa ajili ya kuwaburudisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Si tiba ya Ayres na havikuwahi kuwa. Nimelipigia kelele hili mpaka wahariri wamenichoka, na bado wazazi wanalipishwa taa. Wakongwe waliotufunza walikuwa na tairi, kamba na mti wa mwembe, na hawakumshika mtoto kifundo cha mkono.

Tusijidanganye pia kwamba tuna akiba ya heshima ya kuchezea. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaonya wanachama wake kwamba ushahidi wa tiba hizi ni mdogo. Mwaka 2014 Roseann Schaaf na wenzake waliwapa watoto wenye usonji vipindi 30, katika jaribio la watoto 32, wakaonyesha maendeleo kwenye malengo yaliyowekwa na familia. Lakini mwaka 2022 jaribio kubwa zaidi la Uingereza na Wales, la watoto 138, halikuona nafuu ya tabia kuliko huduma ya kawaida. Mabishano hayo yanaendelea, na video kama hii ni zawadi kwa wanaotubeza.

Lakini kinachonikera zaidi kiko kwenye kona ya picha. Mama wa mtoto ameketi pale. Mwanzoni alisema mwanawe hawezi kula ugali kwa mkono pamoja na ndugu zake, analia vidole vikichafuka. Lengo zuri kabisa, la nyumbani, na sinia lilichaguliwa kwa sababu hiyo. Mama huyo ameondoka na somo moja: mkamate, mzamishe, hesabu kumi. Atalitumia jioni hiyohiyo, na mtoto atakayekataa unga leo atakataa na meza ya chakula kesho.

Walioiandaa waitoe kwenye mafunzo. Na wewe unayesimamia wanafunzi wa mazoezi, kama ni lazima uwaonyeshe, isimamishe kabla ya mkono kudakwa, uwaulize wangefanya nini na kijiko cha mbao kilichokuwa kando ya sinia tangu mwanzo, ambacho hakuna aliyemkabidhi mtoto.