Mlazimishe Arushe: Jinsi Kansas City Royals Walivyotwaa Ubingwa wa 2015

Kwa mazoea ya besiboli, Eric Hosmer alitakiwa abaki pale pale alipokuwa. Ilikuwa usiku wa tarehe 1 Novemba 2015, uwanja wa Citi Field jijini New York, mchezo wa tano wa fainali ya World Series. Timu yake, Kansas City Royals, ilikuwa nyuma 2-1 katika awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, na mwenzake mmoja alikwisha kuwa auti. Hosmer alikuwa besi ya tatu, mita 27 hivi kutoka nyumbani, mahali ambapo mkimbiaji akikanyaga tu pointi imeingia. Salvador Perez akagonga mpira dhaifu uliodundadunda kuelekea kushoto. David Wright, mlinzi wa besi ya tatu wa New York Mets, akauokota, akamtupia Hosmer jicho, kisha akaurusha besi ya kwanza ili kumtoa Perez. Mpira ulipomtoka mkononi, Hosmer akachomoka.

Lucas Duda aliudaka besi ya kwanza, Perez akawa auti, na papo hapo Duda akaurusha nyumbani. Angeulenga vizuri, Hosmer angekutana nao akiwa njiani, auti ya tatu, mchezo umekwisha na Mets wameshinda. Mpira ukaenda pembeni, mbali na mdakaji Travis d'Arnaud. Mambo yakawa 2-2, na katika awamu ya 12 Royals wakaongeza pointi tano, wakashinda 7-2 na kulichukua kombe kwa mara ya kwanza tangu 1985.

Wengi waliiita kamari ya kichaa iliyolipa. Mimi naiona tofauti. Ukizichambua zile mbio polepole utakuta ndani yake msimu mzima wa Royals, na utaona kwamba hesabu ilikuwa upande wa Hosmer.

Tazama mahali Wright alipouokotea mpira. Ilimbidi asogee mbele na kuingia ndani, mbele ya mwenzake Wilmer Flores, na kwa kufanya hivyo aliiacha besi yake tupu. Hakukuwa na mtu nyuma ya Hosmer wa kumtisha arudi, kwa hiyo alijisogeza hatua kadhaa kuelekea nyumbani hata kabla ya kuanza kukimbia. Halafu kuna mkono wa Wright mwenyewe. Mwaka ule aligunduliwa kuwa na tatizo la kusinyaa kwa mfereji wa uti wa mgongo, akakosa sehemu kubwa ya msimu, na aliporudi mirusho yake kwenda besi ya kwanza ilikuwa inapaa taratibu. Kila sekunde ambayo mpira unaelea hewani ni hatua za mkimbiaji. Maskauti wa Royals walikuwa wameyaona hayo, na walikuwa wameona pia kwamba Duda hana mkono wa kuaminika akitakiwa kurusha kwa haraka.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Kama Hosmer angetulia, angekuwa bado besi ya tatu, auti mbili, na mpigaji anayefuata ni Alex Gordon dhidi ya Jeurys Familia, mfungaji michezo wa Mets aliyerusha mipira ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa na kulinda ushindi mara 43 katika msimu wa kawaida. Mpigaji mzuri katika hali hiyo hufanikiwa mara moja katika nne, labda mara moja katika tatu ukimpendelea. Kwa hiyo Hosmer hakuhitaji uhakika. Alihitaji tu kuamini kwamba Duda atakosea, au atachelewa, zaidi ya mara moja kati ya tatu. Na isitoshe Royals walikuwa wanaongoza fainali kwa michezo 3-1. Wangepoteza, wangerudi nyumbani Kansas City wakiwa na nafasi mbili nyingine za kumaliza kazi. Katika mazingira hayo, mchezaji aliyebaki kwenye besi ndiye angekuwa anacheza kamari.

Hapo ndipo falsafa ya timu ile ilipolala: fanya mpira uchezwe, mlazimishe mpinzani audake, aurushe, aamue, tena na tena, mpaka mkono mmoja utetereke.

Kuelewa jinsi jambo hilo lilivyokwenda kinyume na wakati wake, kumbuka besiboli ilikuwa wapi mwaka 2015. Warushaji walikuwa wanazidi kuwa na kasi, na timu nyingi zilikubali kwamba wapigaji wao watolewe kwa straiki tatu mara nyingi, mradi mara moja moja mpira uvuke ukuta, yaani homrani. Chicago Cubs walitolewa kwa straiki tatu mara 1,518 msimu ule, nyingi kuliko timu yoyote, na bado walikuwa timu nzuri sana. Royals walitolewa hivyo mara 973, chache kuliko timu zote katika ligi kuu. Lakini hawakuwa watu wa subira pia. Zile besi za bure ambazo mrushaji humpa mpigaji baada ya mipira minne mibaya, ambazo timu ya Oakland ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilizithamini kama dhahabu, Royals walizipata chache kuliko timu zote za American League, tawi lao la ligi kuu. Homrani walipiga 139 tu, na katika ligi yao ni timu moja tu iliyokuwa chini yao.

Kwa vigezo vilivyozoeleka, hiyo ni timu ya kawaida au mbaya. PECOTA, mfumo wa kompyuta wa kutabiri matokeo, uliwapa ushindi 72 kabla ya msimu kuanza, ingawa mwaka uliotangulia walikuwa wamefika fainali na kushindwa na San Francisco Giants katika mchezo wa saba. Wakamaliza na ushindi 95 na kuwa vinara wa kundi lao.

Tusidanganyane, kupiga mpira ovyo si mkakati. Kinachoufanya uchezaji huo uwe mkakati ni mambo yanayouzunguka, na la kwanza kwao lilikuwa uwanja. Kauffman Stadium ni mpana; katikati ukuta uko takriban mita 125 kutoka nyumbani, na mipira mingi ambayo kwingine ingekuwa homrani, pale inaishia kwenye glavu. Ukijenga timu ya majitu ya kupiga mbali, uwanja wako mwenyewe unakunyang'anya. Meneja mkuu Dayton Moore akajenga timu ya miguu na glavu. Lorenzo Cain, mlinzi wa katikati aliyekuwa akifika kwenye mipira ambayo wengine huisindikiza kwa macho, pamoja na Alcides Escobar, walipatikana Desemba 2010 kwa kumuuza Zack Greinke, mrushaji bora waliyekuwa naye. Wakati ule mashabiki wengi walinung'unika.

Escobar ndiye kitendawili kinachonifurahisha zaidi. Kocha Ned Yost alimweka awe mpigaji wa kwanza, nafasi ambayo vitabu vyote vinasema apewe mtu anayefika besi mara nyingi. Escobar alifika besi kwa asilimia 29.3 tu ya nafasi zake. Tena alikuwa na tabia ya kuupiga mpira wa kwanza kabisa anaorushiwa, bila kungoja. Mwezi Septemba Yost alimshusha chini ya orodha, kisha akamrudisha juu kabla ya mtoano, na wachambuzi wakacheka. Katika mchezo wa kwanza wa fainali, Matt Harvey wa Mets akarusha mpira wake wa kwanza, Escobar akaupiga mbali, Yoenis Cespedes akashindwa kuudhibiti, ukagonga mguu wake ukaenda zake, na Escobar akazunguka besi zote nne mpira ukiwa bado uwanjani. Sisemi kwamba Yost alikuwa sahihi kumweka pale. Kwa msimu mzima nadhani alikosea, na timu ilishinda licha ya uamuzi huo. Lakini hata kosa lake lilikuwa la aina ile ile ya timu: piga, halafu tuone watafanya nini.

Mfano safi zaidi ni tarehe 12 Oktoba mjini Houston, katika mtoano. Royals walikuwa nyuma kwa michezo 2-1 dhidi ya Astros, mfululizo wa michezo mitano, na katika mchezo wa nne walikuwa nyuma 6-2 zikiwa zimebaki awamu mbili. Astros walikuwa wamepiga homrani 230 msimu ule. Royals wakaanza awamu ya nane kwa mapigo matano mfululizo, yote ya besi moja moja. Hakuna lililokuwa la kutisha. Halafu Kendrys Morales akapiga mpira wa kudunda ambao, ukidakwa vizuri, ungeweza kuzaa auti mbili kwa mkupuo. Ukaigusa glavu ya mrushaji Tony Sipp, ukabadili mdundo, ukampita kijana hodari Carlos Correa, na pointi mbili zikaingia. 6-6. Gordon akaleta ya saba kwa mpira wa chini uliomfanya yeye mwenyewe awe auti. Wakashinda 9-6. Bahati? Ndiyo, na nyingi. Ila bahati ya namna hiyo haimfikii mtu aliyetolewa kwa straiki tatu, kwa sababu yeye amerudi benchi na mpira haujaguswa.

Waliofuata ni Toronto Blue Jays, waliokuwa na homrani 232, nyingi kuliko timu yoyote mwaka ule. Katika mchezo wa sita, matokeo 3-3, awamu ya nane, Cain alikuwa besi ya kwanza. Hosmer akapiga mpira kuelekea kona ya kulia. Pigo la namna ile humfikisha mkimbiaji besi ya tatu, basi. Lakini kocha wa besi ya tatu, Mike Jirschele, alijua kwamba José Bautista akiuokota mpira kwenye kona ile hupenda kuurusha besi ya pili ili kumzuia mpigaji. Bautista akafanya hivyo hivyo, Jirschele akazungusha mkono, Cain akakimbia bila kusimama mpaka nyumbani. 4-3, na fainali imepatikana. Hosmer alipochomoka siku tisa baadaye New York, hakuwa anabuni kitu.

Upande wa kurusha walikuwa na ujanja mwingine, na huo ulieleweka haraka zaidi. Warushaji wao wa kuanza walikuwa wa kawaida. Hata Johnny Cueto, aliyeletwa mwezi Julai kwa gharama ya vijana watatu, aliyumba msimu wa kawaida kabla ya kuwanyamazisha Mets katika mchezo wa pili kwa kuwaachia mapigo mawili tu katika awamu tisa. Nguvu ilikuwa kwa warushaji wa akiba. Wade Davis alikuwa mrushaji wa kuanza aliyeshindwa mwaka 2013. Wakamhamishia mwishoni mwa mchezo, ambako hana haja ya kubana pumzi kwa awamu sita, na mwaka 2015 wastani wake ukawa pointi 0.94 kwa kila awamu tisa. Ryan Madson hakuwa amerusha katika ligi kuu tangu 2011. Luke Hochevar naye alikuwa mrushaji wa kuanza aliyewakatisha watu tamaa. Kelvin Herrera alikuwa na moto wake. Greg Holland, mfungaji wao, kiwiko kilipomshinda Septemba, Davis akachukua nafasi yake na mashine ikaendelea.

Kwa hiyo mpinzani alikuwa na awamu sita za kujenga uongozi. Akishindwa, mlango umefungwa. Akifanikiwa, bado Royals wanagonga mipira midogo midogo mpaka usiku wa manane. Katika mtoano ule walishinda michezo 11, na 8 kati yake walitokea nyuma. Kuanzia awamu ya saba na kuendelea waliwazidi wapinzani kwa jumla ya pointi 51 kwa 11. Mets walikuja na Harvey, Jacob deGrom na Noah Syndergaard, vijana wa kasi kali, na kasi ndiyo silaha ambayo Royals waliiogopa kidogo kuliko wengine.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba Mets walijimaliza pale kocha wao Terry Collins alipokubali, katika ule mchezo wa tano, kumrudisha Harvey awamu ya tisa wakiongoza 2-0. Ni kweli Harvey alimpa Cain besi ya bure, Cain akaiba besi ya pili, Hosmer akapiga pigo la besi mbili. Lakini Familia naye alikwisha kupoteza uongozi katika mchezo wa kwanza, Gordon alipompiga homrani, na katika ule wa nne, Daniel Murphy wa Mets alipoukosa mpira laini uliomjia. Sioni nani angekuwa salama.

Mwaka uliofuata Royals walishinda 81 na kupoteza 81. Davis akauzwa Chicago Cubs Desemba 2016. Mikataba ya Cain na Hosmer ilipokwisha baada ya msimu wa 2017, wakaondoka, na mwaka 2018 timu ikapoteza michezo 104. Msimu huo huo, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu, auti za straiki tatu zilizidi idadi ya mapigo yaliyofanikiwa: 41,207 kwa takriban 41,000. Ligi yenyewe ikaanza kuhangaika kuurudisha mpira uwanjani, na mwaka 2023 ikapanua besi kutoka inchi 15 hadi 18 kila upande, ikaweka saa ya kumharakisha mrushaji, na kuzuia walinzi wa ndani kurundikana upande mmoja. Wizi wa besi uliongezeka mwaka huo huo.