Sifa za Mwunga Vigae

Karagwe ni nchi ya wahunzi. Msafiri Stanley alipofika kwa Mfalme Rumanika wa huko mwaka 1876, alioneshwa nyumba ya hazina yenye mikuki, silaha nyingine za chuma na sanamu za wanyama za shaba, wakiwamo ng'ombe wasio na vichwa. Mhunzi ana bahati moja: chuma kikivunjika hurudi motoni, kikafuliwa upya. Udongo hauna njia hiyo. Ukishachomwa kupita nyuzi 600 hivi, maji yaliyofungamana nao huutoka moja kwa moja. Uloweke mwezi mzima, haulainiki tena. Sanamu ya udongo ikivunjika, kinachobaki ni vigae na subira ya mtu. Huyo mtu ndiye ninayemsifu hapa.

Katika ukanda wetu, kazi yake ninayoihusudu kuliko zote ni sanamu ya Luzira. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha gereza la Luzira, karibu na Kampala, waliibua vipande vya sanamu zaidi ya moja. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alivipeleka British Museum, London. Kichwa cha Luzira kinakadiriwa kuwa na umri wa miaka elfu moja hivi, na juu yake imepangwa misokoto ya udongo, mmoja mmoja, safu kwa safu. Fikiria kuvipata vipande hivyo vikiwa chungu nzima ya vigae vya kahawia, kisha uulize kila kimoja: wewe ni shavu au ni bega?

Jibu huanzia kwenye ukingo uliovunjika. Mwunga vigae hausugui. Huupitishia brashi laini tu, kwa sababu punje zilizo pale ndizo zitakazokutana na punje za kigae jirani. Hutazama unene, rangi ya moshi upande wa ndani, alama ya kidole. Vyungu vya kale vya mtindo wa Urewe, vinavyochimbwa sana Kagera, mara nyingi vina kishimo kilichobonyezwa kitakoni, na hapo ndipo wengi huanzia. Vile vya baadaye vilipambwa kwa kubingirisha kamba ya nyasi juu ya udongo mbichi. Mwunga hufuata njia ya kamba hiyo kutoka kigae hadi kigae.

Huvipanga vyote vikavu kwanza, bila gundi. Kiungo cha kwanza kikipinda kwa unene wa unywele, kosa hukua duara zima, na kigae cha mwisho hukataa kuingia. Gundi yenyewe huwa ya kufunguka: Paraloid B-72, kwa mfano, huyeyuka kwa asetoni, ili atakayekuja baadaye na jicho kali zaidi aweze kubomoa na kuunga upya. Kisha chombo husimamishwa kwenye sinia la mchanga, uzito wa kigae ukikaa wima juu ya kiungo, mpaka kikauke. Sijui fundi mwingine anayeacha mlango wazi namna hiyo kwa mtu asiyemjua.

Pengo ndilo mtihani wake. Pua haipo; mikono yake inaweza kuitengeneza, tena nzuri. Plasta huruhusiwa pale inapobeba uzito, nayo hupakwa rangi iliyofifia kidogo ili mtazamaji aitambue. Lakini pua ya kubuni ni uongo uliobandikwa usoni mwa mtu wa kale, na mimi nasimama na wale wanaoacha pengo.

Kazi hii ingewafaa sana wafinyanzi wetu. Anayejenga chungu kwa kupandisha misokoto ya udongo anajua kuwa ufa hupenda kufuata maungio ya misokoto hiyo. Mpe kigae, akipapase, atakuambia kama ni shingo au tumbo, na mkono uliokifinyanga ulizungukia upande gani. Elimu hiyo hukaa vidoleni, na wenye vidole hivyo wako hukuhuku Kagera. Kayanga au Nkwenda ingetosha meza moja yenye mwanga wa dirisha, sinia la mchanga, gundi inayofunguka, na mfinyanzi mzoefu akikaa upande mmoja na mwanafunzi wa mambo ya kale.