Kodi Nafuu Ina Sababu Yake: Namna Lewiston Ilivyochaguliwa

Mkimbizi anayepokelewa Marekani hachagui mji wake wa kwanza. Shirika linalompokea ndilo linalompangia: huyu Minneapolis, yule Columbus, mwingine Clarkston, kando ya Atlanta. Lakini akishatua, hakuna sheria inayomfunga pale. Anaweza kufungasha na kwenda anakotaka, na hapo uamuzi unakuwa wake. Mwanzoni mwa mwaka 2001 familia za Kisomali zilizopangiwa vitongoji vya Atlanta zilianza kuutumia uhuru huo. Zilikwenda Lewiston, katika jimbo la Maine, karibu kilomita 1,900 kaskazini, kwenye mji wa viwanda uliokwisha nguvu. Watu zaidi ya 95 katika kila 100 wa mji huo walikuwa weupe, wengi wao Wakatoliki wenye asili ya Quebec, na theluji huko hukaa kwa miezi.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ajabu, kana kwamba watu walipotea njia wakajikuta kwenye baridi. Hakuna aliyepotea. Palikuwa na utaratibu, na utaratibu huo unafaa kuchambuliwa na kila mwenye familia anayefikiria kuuacha mji mmoja kwa ajili ya mwingine, awe anatoka Georgia kwenda Maine au Dar es Salaam kwenda Mwanza.

Walianza na malalamiko, si na ramani. Wazee na wazazi walikuwa na hoja zinazoeleweka: uhalifu katika mitaa waliyopangiwa, hofu ya watoto kuvutwa na magenge na dawa za kulevya, shule zisizowaridhisha, kodi ya pango inayomeza mshahara. Itazame orodha hiyo uone kisichokuwamo, nacho ni kazi. Atlanta ya wakati ule ilikuwa na kazi nyingi kuliko Maine. Familia hizi ziliziacha kazi zikafuata usalama, shule na nyumba, kwa mpangilio huo. Wengi wetu hupanga kinyume: tunatafuta ajira kwanza, nyumba tunaipata popote, na shule ya mtoto tunaiuliza tukishashusha vyombo. Sisemi kuwa mpangilio wao unamfaa kila mtu. Kijana asiye na mtoto angekosea kuufuata. Lakini ukishajua unahama kwa ajili ya nani, maswali yanajipanga yenyewe, na wao walilijua hilo kabla hawajauliza kodi ya nyumba yoyote.

Kisha wakatuma watu. Wafugaji wa Kisomali wana desturi ya zamani ya kutanguliza watu wa kukagua malisho na maji kabla kambi haijang'olewa, wanaiita sahan. Desturi hiyo ilihamia kwenye mabasi na barabara kuu za Marekani. Nguvu yake iko katika mambo mawili. Anayetumwa si dalali. Hana kamisheni, na akirudi atakaa mbele ya watu watakaoishi na matokeo ya maneno yake, yeye mwenyewe akiwamo. Pili, anakwenda akiwa na maswali ya wengine. Mama mwenye watoto sita ana swali lake, mzee anayeumwa figo ana lake, na mtu anayehama peke yake kwa kusoma matangazo ya nyumba hawezi kuyakumbuka yote hayo. Tukiondoa kila kitu kingine katika kisa hiki tukabaki na hatua hii moja, bado ingetosha kuigwa: usihamishe familia kwenda mahali ambapo hakuna mtu unayemwamini aliyepatembea kwa miguu.

Waliotangulia waliupenda kwanza mji wa Portland, mkubwa kuliko yote Maine. Ulikuwa umekwisha kupokea wakimbizi, ulikuwa na madarasa ya Kiingereza na wafanyakazi waliozoea wageni. Kwenye karatasi, Portland ndiyo ilikuwa jibu. Tatizo ni kwamba nyumba za kupanga zilikuwa zimekwisha. Familia zilifika zikaishia kwenye makazi ya dharura, na maofisa wakaanza kuzielekeza Lewiston, kilomita 56 hivi kaskazini, ambako vyumba vilikuwa vitupu. Februari 2001 familia za kwanza zikaingia.

Hapa naomba tutulie, maana ndipo penye elimu. Tunapozungumzia mahali penye maisha nafuu, huwa tunataja kiwango cha kodi. Kiwango peke yake hakisemi lolote ikiwa hakuna mlango ulio wazi. Cha kuangalia ni nafasi tupu: nyumba ngapi hazina mpangaji, na zimekaa hivyo kwa muda gani. Mwenye nyumba aliyekaa na vyumba vitatu visivyo na mtu haulizi maswali mengi kuhusu lafudhi yako. Hata kukubaliwa kwa mgeni, katika siku zake za kwanza, hutegemea sana kama mwenyeji anamhitaji.

Na Lewiston iliwahitaji. Mji huo ulijengwa juu ya maporomoko ya mto Androscoggin, yaliyoendesha viwanda vya nguo, na wafanyakazi walitoka Quebec kwa maelfu. Baadaye viwanda vikahamia kusini na ng'ambo. Mwaka 1970 mji ulikuwa na watu 41,779. Mwaka 2000 walikuwa 35,690. Watu 6,000 hivi walitoweka, lakini nyumba zao za mbao, ghorofa tatu na zaidi, zilibaki zimesimama katikati ya mji. Kiwanda cha Bates, kilichowahi kuwa mwajiri mkubwa kuliko wote Maine, kilifungwa mwaka uleule wa 2001 ambao Wasomali walianza kuingia. Matukio hayo mawili ni pande mbili za jambo moja. Kilichofanya kodi iwe nafuu ni kilekile kilichoondoa ajira.

Kwa hiyo nafuu hiyo ilikuwa na bei. Katika miaka ya mwanzo watu wazima wengi hawakupata kazi, na waliozipata mara nyingi walisafiri nje ya mji. Kuna bei nyingine ambayo mtangulizi yeyote, awe makini namna gani, asingeiona kwa macho. Nyumba kuukuu za aina ile zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, na Lewiston kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa sehemu za Maine zenye watoto wengi waliodhurika na sumu hiyo. Mtoto anameza vumbi la dirisha linalofunguliwa na kufungwa, na madhara yanaingia kwenye ubongo. Familia zilizokimbia ili kuwaokoa watoto zikajikuta zinapambana na hatari iliyojificha ukutani. Hili linaniuma kuliko yote katika kisa hiki. Mwaka 2013 mfululizo wa mioto katika nyumba za katikati ya mji uliwaacha watu wapatao 200 bila makao. Ndiyo maana nasema kodi ikiwa chini kuliko kawaida, usiridhike nayo mpaka umejua kwa nini iko chini. Uliza nyumba ilijengwa lini, na nani aliikarabati mara ya mwisho. Katika nchi ya baridi, uliza pia kama gharama ya joto imo ndani ya kodi au utailipa mwenyewe Januari.

Sasa tuje kwenye ukarimu, jambo ambalo watu hulipima vibaya. Wengi hupima kwa tabasamu: nilipotembelea, watu walinisalimu. Salamu ni njema, lakini haitoshi kumhamishia mtoto. Nadhani ukarimu wa mahali una tabaka kadhaa, na la chini kabisa ni sheria. Maine ina sheria inayolazimisha kila halmashauri kumsaidia mkazi asiyejiweza, kwa hati za malipo ya kodi na chakula, na jimbo hurudisha sehemu ya fedha hizo. Mgeni wa jana ana haki hiyo sawa na mzaliwa. Juu ya sheria kuna watu wanaoitekeleza: mwalimu, muuguzi, karani wa ofisi ya ustawi. Majirani wanakuja baada ya hao, na meya anakuja baada ya wote.

Mwaka 2002 mpangilio huo ulijaribiwa. Kufikia vuli Wasomali walikuwa wamezidi 1,000. Uvumi ulienea mjini kwamba wanagawiwa magari na fedha za bure, jambo ambalo halikuwa kweli. Oktoba 2002 meya Laurier Raymond aliandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali akiwaomba wapunguze kasi ya jamaa zao kuja, kwa hoja kwamba mji umeelemewa. Wazee walijibu kwa barua yao, kwa uchungu na kwa heshima, wakikumbusha kwamba wao ni wakazi halali wanaofanya kazi, wanaolipa kodi za serikali na kusomesha watoto.

Barua ya meya iliumiza, na ilivuta watu wabaya. Kikundi cha wabaguzi kutoka nje ya Maine kilitangaza mkutano mjini humo tarehe 11 Januari 2003. Walihudhuria watu wachache mno, makumi tu. Siku hiyohiyo, katika chuo cha Bates, watu zaidi ya 4,000 walikusanyika kuwaunga mkono majirani zao wapya, katika mji wa watu 36,000 hivi, kwenye baridi ya Januari.

Mkusanyiko ule unastahili sifa zote unazopewa. Lakini kwa anayechambua, la kutazama ni lile ambalo barua ya meya haikuweza kulifanya. Haikuweza kumfukuza mtu shuleni, wala kusimamisha hati ya malipo, wala kumzuia mwenye nyumba kumpokea mpangaji. Meya alikuwa na kalamu tu, sheria ilikuwa upande mwingine. Hicho ndicho kipimo ambacho ningempa yeyote anayechagua mahali: je, kupokelewa kwangu hapa kunategemea hisani ya mtu mmoja anayeweza kubadilika kesho, au kuna kitu kinachobaki hata hisani ikiisha? Ubaya haukukoma. Julai 2006 mtu alitupa kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wa Lisbon Street wakati wa ibada. Watu hawakuhama kwa sababu hiyo. Walikuwa tayari na mizizi: maduka, watoto darasani, na mji ambao maofisa wake waliwafahamu kwa majina.

Angalia pia meya alimwandikia nani barua. Aliwaandikia wazee. Alikuwa ameelewa kwamba simu za wazee ndizo zilizoamua nani anafuata.

Kuanzia mwaka 2005 hivi, njia ileile ilifuatwa na watu ambao msomaji wa Kiswahili anawakaribia zaidi: Wabantu wa Somalia, ambao mababu wengi wao walipelekwa huko utumwani katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Baadhi yao bado wanazungumza Kizigua, na wengine waliokimbilia Tanzania walipewa uraia na ardhi huko Chogo, Handeni. Waliokwenda Marekani walipitia Dadaab na Kakuma, wakatawanywa katika miji mingi, kisha wakaanza kukusanyika Lewiston. Mwanaanthropolojia Catherine Besteman, aliyeishi katika kijiji cha Banta kando ya mto Jubba mwishoni mwa miaka ya 1980, aliwakuta watu wa kijiji hicho Lewiston mwaka 2006, na akaandika kitabu juu yao. Wabantu hawa walikuwa wamedharauliwa na Wasomali wengine kwa vizazi. Hata hivyo walifuata nyayo za haohao, kwa kuwa mji ulikuwa umeshajifunza: wakalimani walikuwapo, shule ilijua la kufanya, duka la nyama halali lilikuwa wazi. Dharau haikuisha kwa kuhamia Maine, na haipaswi kufichwa. Ila anayefuata wa pili hulipia kidogo kuliko anayetangulia.

Matokeo yanajulikana. Mji uliokuwa ukipungua uliongezeka: 36,592 mwaka 2010, 37,121 mwaka 2020. Timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, chini ya kocha Mike McGraw, ilitwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2015 kwa kikosi kilichojaa watoto wa wakimbizi, na mwaka 2019 Safiya Khalid, msichana wa miaka 23 mwenye asili ya Somalia, alichaguliwa kuwa diwani. 

Utaratibu huo haukuishia hapo: katikati ya mwaka 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika Portland kwa mabasi kutoka mpaka wa Texas. Nao walipewa habari za Maine kwa simu na watu waliotangulia. Walilazwa kwenye vitanda vya muda ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu, kwa sababu Portland bado haikuwa na nyumba, na Lewiston yenyewe haikuwa tena na vyumba vitupu kama zamani. Sheria haikuwaruhusu kufanya kazi kwa miezi kadhaa, kwa hiyo wao pia walilazimika kuitanguliza nyumba. Baadhi yao walipata makazi Brunswick, katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wanajeshi wa kituo cha anga cha jeshi la wanamaji. Kituo hicho kilifungwa mwaka 2011. Mwajiri aliondoka, nyumba zikabaki.