Thorn Tree au Trattoria?

Ukitaka kula kizungu jioni katikati ya Nairobi, na pesa yako inatosha mara moja tu, usidanganywe na mti. Thorn Tree ya hoteli ya Stanley ilifunguliwa 1959. Jina ni la mgunga ambao wasafiri waliubandikia vikaratasi vya kutafutana. Hadithi tamu, lakini vikaratasi vile havikuwa vyetu. Mwaka huo hali ya hatari haikuwa imeondolewa, na mtu wa kwetu Soin, kama angefika pale, angekuwa amebeba trei. Leo unakaribishwa vizuri kabisa, ila nusu ya unacholipia ni kumbukumbu za wageni.

Mimi ningempeleka shangazi Trattoria, kona ya Wabera na Kaunda. Chakula cha Kiitaliano tunakielewa haraka: wanga chini, mchuzi juu. (Atasema pasta ni ugali uliokatika. Mwache.) Tena pitsa moja mnagawana watu watatu bila aibu, jaribu kugawana steki uone macho ya meza jirani.

Shida ni chai. Sisi tunaichemsha na maziwa sufuria moja mpaka ipande. Hoteli za kizungu zinakuletea maji moto, kifuko, na maziwa pembeni kama dawa. Mtu ametoka Kericho, majani kila upande, halafu alipie kulowesha kifuko mwenyewe? Agizeni kahawa, Waitaliano wanaijua. Na bili, ichukue kabla shangazi hajaiona.