Mshona Nyavu wa Kamburu

Ukiteremka kutoka mashamba ya kahawa ya Embu, ukapita Kiritiri kuelekea mto Tana, joto linazidi, migunga inachukua nafasi ya migomba, na mtu hategemei tena kuona maji. Ndipo bwawa la Kamburu linapojitokeza, pale Thiba inapokutana na Tana. Kuna mashua, kuna furukombe juu ya visiki, kuna viboko upande wa hifadhi ya Mwea, na kuna karai la mafuta linalochemka. Tilapia hukatwa mistari mbavuni ili chumvi na mafuta vipenye, hukaangwa hadi mapezi yavunjike kwa meno, kisha huliwa kwa ugali na sukuma wiki, mikono mitupu. Pande hizi za Mlima Kenya wazee wengi hawakulelewa wakila samaki. Waliokuja na mazoea ya Ziwa Victoria walichangia kuleta ladha hiyo, na ufundi wake.

Wageni humsifu mwenye mashua. Mimi namsifu anayekaa chini ya mgunga, wavu umenasa kwenye kidole gumba cha mguu, sindano ya mbao mkononi.

Wavu uliotoboka hauzibwi kama kiraka cha shati. Kwanza fundi huukata zaidi, jambo linalomtia hofu asiyejua. Hutafuta fundo lenye miguu mitatu, yaani lenye nyuzi tatu nzima zilizobaki, aanzie hapo. Mafundo mengine ukingoni huyaacha na miguu miwili miwili, na mwisho lazima aangukie tena penye miguu mitatu. Akikosea hesabu, safu ya mwisho haikutani. Kila jicho hulipima kwa kijiti au kwa vidole vyake, kwa sababu wavu huu hushika samaki kwenye mashavu: jicho likiwa dogo hunasa watoto, likipanuka tilapia mzima hupita. Kisha kuna kuutundika kwenye kamba. Wavu wa mita 100 ukinyooshwa huishia kwenye kamba ya mita kama 50, ili macho yafunguke na wavu ulegee majini. Ukikazwa mno, macho hujifunga na samaki hugonga na kurudi. Kazi hii haionekani juu ya maji, lakini ndiyo inayoamua chakula cha jioni.

Na wavu wa hapa huraruka sana. Chini ya bwawa kuna miti iliyozama. Mamba huvuta samaki aliyenaswa na kuondoka na kipande cha wavu, naye kiboko hapishi mtu. Halafu maji yenyewe hayafuati mvua peke yake. Mabwawa ya mto huu ni ya umeme: Kindaruma lilianza kuuzalisha mwaka wa 1968, Kamburu likafuata katika miaka ya 1970, na Masinga, ghala la maji la mabwawa yote haya, likakamilika mwaka wa 1981. Kina hupanda na kushuka kwa mahitaji ya mitambo pia. Katika ukame wa 2009 mitambo ya Masinga ilizimwa kwa uhaba wa maji. Kisiki kilichokuwa salama mwezi uliopita leo kinachana nyuzi, na fundi husoma mpasuko akajua wavu ulitegwa wapi.

"Mzee, na huu wangu?" kijana huuliza.

"Uache hapo. Uje kabla jua halijashuka."

Nyavu za uzi mmoja wa plastiki unaong'aa zimepigwa marufuku Kenya, lakini urahisi wa bei yake bado unavutia. Zikiraruka hutupwa, na zikisahaulika majini huendelea kuua samaki wasioliwa na mtu. Uzi wa nailoni uliosokotwa hushonwa mwaka hadi mwaka, ili mradi fundi yupo. Kwa hiyo siku viongozi watakapokuja ufuoni kugawa mashua na injini, naomba walete pia marobota ya uzi huo, na posho ya vijana watakaokaa na mzee chini ya mgunga hadi wajue kuanzia kwenye fundo la miguu mitatu.