Kuitambua Saikosisi kwa Mwenye Usonji au Ulemavu wa Akili

Saikosisi, yaani hali ya mtu kupoteza uwezo wa kutenganisha yaliyopo na yasiyopo, kwa kawaida hutambuliwa kupitia maelezo ya mgonjwa mwenyewe, ambaye husimulia maruerue, kama vile kusikia sauti pasipo msemaji, au hueleza imani potofu asizoweza kushawishika kuziacha. Njia hiyo hukwama kwa mwenye usonji, ulemavu wa makuzi unaoathiri mawasiliano na mahusiano, na kwa mwenye ulemavu wa akili, kwa kuwa huenda akaitikia kila swali ili kumridhisha anayeuliza, au akalichukua swali kama lilivyo: kijana wa kata ya Gerezani, Dar es Salaam, akiulizwa kama husikia sauti za watu asiowaona, anaweza kukubali kwa ukweli kabisa, akiwa na maana ya wapiga debe walio nje ya dirisha.

Hapo huzaliwa makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kuona ugonjwa pasipo ugonjwa, ambapo kuzungumza peke yake au kurudiarudia maneno ya wengine, tabia za kawaida katika usonji, huhesabiwa kuwa dalili za saikosisi. La pili ni kuubebesha ulemavu kila badiliko, hata ugonjwa mpya ukakosa tiba. Kosa la kwanza liliwahi kuwa msimamo wa kitaalamu, kwani kwa miongo kadhaa usonji ulihesabiwa kuwa namna ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoambatana na saikosisi, ya utotoni, mpaka Israel Kolvin na wenzake nchini Uingereza walipoonyesha, mwaka 1971, kwamba watoto ambao hali yao ilianza kabla ya miaka 3 walitofautiana na wale walioanza kuugua baada ya miaka 5. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 unakubali kwamba usonji na skizofrenia vinaweza kumpata mtu mmoja, ila unataka maruerue au imani potofu zilizo dhahiri, zilizodumu angalau mwezi mmoja.

Kwa hiyo kipimo si tabia yenyewe, bali ni badiliko kutoka hali ya awali ya mtu huyohuyo. Nguvu ya kanuni hiyo ilionekana Tanzania katika utafiti wa usonji uliochapishwa mwaka 2006 na Raymond Mankoski, Noah Ndosi na wenzao: kati ya watoto na vijana 20 waliochunguzwa, 14 walitimiza vigezo vya usonji, na historia ya makuzi iliwatenga 3 waliokuwa wamekua vizuri hadi walipougua malaria kali. Utafiti huo haukuhusu saikosisi, lakini swali lake kuu, yaani mtu alikuwaje kabla, ndilo linaloamua hapa pia.

Badiliko likithibitika, huanza kazi ya kuondoa sababu nyingine: maumivu ya jino au sikio yasiyosemeka, kifafa, ambacho chenyewe huweza kufuatiwa na saikosisi ya muda, maambukizi, msiba, ukatili, au kuvurugika kwa mazoea, kama inavyoweza kumpata aliyezoea kwenda sokoni kila siku pale soko linapofungwa, jambo lililotokea baada ya moto wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, wa Julai 10, 2021. Imani ya majini nayo, inaposhirikiwa na familia nzima, haitoshi kuitwa potofu. Hata dawa huhitaji tahadhari, kwa sababu haloperidoli, mojawapo ya dawa za saikosisi, huweza kuleta mhangaiko wa mwili unaofanana na ugonjwa kuzidi, na daktari asiyelijua hilo huongeza dozi badala ya kuipunguza.

Ushahidi wa hali ya awali haumo katika chumba cha daktari, bali uko kwa mzazi na kwa walimu wa shule kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, inayosomesha watoto wenye ulemavu mbalimbali. Daftari linaloandikwa wakati wa afya, likionyesha usingizi, ulaji, usemi na mazoea ya mwanafunzi, ndilo litakalomwezesha daktari kujua kama anachokiona ni kipya.